Talaka, watoto na shamba la mikorosho: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Majibu haya ni kwa ajili ya mtu wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, Kilwa au Mtwara mjini ambaye ndoa yake imefika pagumu na hajui abishe hodi mlango gani. Yanafuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayozihusu ndoa zote za Tanzania Bara, iwe ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila au ya bomani, pamoja na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sisi ni wasaidizi wa kisheria. Tumeandika kama tunavyomjibu mtu aliyekaa mbele yetu, kwa sababu inatuuma kuona watu wakipoteza shamba au kutenganishwa na mtoto kwa kukosa karatasi moja ambayo wangeipata kata ya jirani.

Mume wangu kaniandikia talaka kwenye karatasi, na mashahidi walikuwepo. Nimeachika au bado?

Kidini huenda umeachika, na hilo atakueleza sheikh au kadhi. Kwa sheria ya nchi, ndoa yenu bado ipo mpaka mahakama itamke kwamba imevunjika. Kwa hiyo karatasi uliyoshika haikupi njia ya kudai nyumba, shamba wala matunzo, na haimpi yeye haki ya kukutoa ndani na vyombo vyako usiku huohuo.

Sheria haikuipuuza talaka ya Kiislamu, ila iliipa mahali pake. Kwanza mgogoro unapelekwa kwenye baraza la usuluhishi. Baraza likishindwa kuwapatanisha na likathibitisha hivyo, kisha mmoja wenu akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama inatakiwa ikubali kwamba ndoa imevunjika na kutoa talaka. Ni baraza kwanza, talaka baadaye. Talaka tatu zilizotamkwa kwa hasira siku mlipogombana, kabla hamjafika popote, hazikupita njia hiyo, na huo ndio mkwamo tunaouona zaidi ukanda huu wa pwani.

Wengine huuliza kama kadhi anaweza kugawa mali. Huku Bara kadhi anafanya kazi chini ya BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania: anashauri, anasuluhisha na kueleza hukumu ya dini. Mahakama za Kadhi zenye nguvu ya kisheria ziko Zanzibar. Ugawaji wa mali unaoweza kusimamiwa na dola huku kwetu hutoka mahakamani.

Basi naanzia wapi?

Anzia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Kila kata inatakiwa kuwa nalo, na kwa kawaida linalohusika ni la kata anakoishi mume. Nenda ofisi ya mtendaji wa kata uulize siku linapokaa. Waislamu wana mabaraza yao kupitia BAKWATA, na baadhi ya makanisa pia yana mabaraza yanayotambuliwa. Kama nyote wawili ni wa jumuiya moja yenye baraza lake, mnaanzia huko.

Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Mtaitwa wote na kila mmoja atasikilizwa. Wakili haruhusiwi kusimama pale kwa niaba yako, kwa hiyo usihofu kwamba mwenzako atakuja na mtu wa kukubabaisha kwa vifungu. Ukitaka kuwakilishwa na mtu asiye ndugu yako, unaomba ruhusa ya baraza.

Shika jambo hili, mama, nawe kaka: baraza halitoi talaka, na haligawi mali. Kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa linakupa hati inayosema limeshindwa, ile watu wa mahakamani wanayoiita Fomu Namba 3. Usikubali kuondoka na barua ya kawaida iliyoandikwa "tunaomba mahakama imsaidie mama huyu", hata kama ina muhuri. Mashauri yaliyokwisha kusikilizwa mpaka hukumu yamefutwa kwenye rufaa kwa sababu hati ya baraza haikuwa sahihi, na wahusika wakarudi kuanza upya. Soma hati kabla hujainuka kwenye benchi. Iwe na majina yenu kwa usahihi, iseme wazi kwamba usuluhishi umeshindikana, na iwe na tarehe na saini. Tarehe ina uzito wake, kwani hati hiyo hudumu miezi sita tu. Ukiiweka ndani ya sanduku ukisubiri msimu wa korosho upite, itabidi urudi barazani.

Ameitwa barazani amekataa kuja. Nimekwama?

Hujakwama. Sheria yenyewe imetaja hali ambazo mtu anaweza kwenda mahakamani bila usuluhishi kufanyika. Mojawapo ni hiyo: ameitwa na kwa makusudi hakufika. Baraza liandike hivyo, nawe uende na maandishi hayo.

Nyingine ni mwenzako kukutelekeza na hujui aliko, kuishi nje ya nchi bila dalili ya kurudi ndani ya miezi sita, kufungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka mitano, au kuwa na ugonjwa wa akili usiotibika. Mwisho kuna hali za pekee ambazo mahakama ikiziona itakubali kwamba baraza halikuwezekana. Anayepigwa na kutishiwa maisha aliseme hilo bila haya. Hakuna sheria inayokulazimisha ukae benchi moja na mtu aliyeahidi kukuua.

Wa mpakani huulizia sana wanaume waliovuka Ruvuma kwenda Msumbiji na hawajasikika tena. Ukiwa hujui aliko, mahakama inaweza kuruhusu wito wake utolewe kwa njia nyingine, kwa mfano kubandikwa au kutangazwa gazetini, na shauri likaendelea bila yeye. Ikipita miaka mitano bila wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake kusikia chochote, sheria inaruhusu kudhaniwa kwamba amefariki, mpaka atokee mtu wa kuthibitisha vinginevyo.

Ananipiga sasa hivi. Nisubiri baraza?

Usisubiri. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, kisha uende hospitali. Kipigo ni kosa la jinai na kina njia yake. Sheria ya Ndoa nayo imesema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake kumwadabisha. Nakala ya PF3 itunze nje ya nyumba, kwa mama mdogo au kwa shoga yako unayemwamini, maana itakuwa ushahidi wa ukatili kwenye shauri la talaka. Kwa mtoto anayeteswa, simu 116 ni ya bure.

Mahakama inataka sababu gani ndiyo itoe talaka?

Inataka kuridhika na jambo moja: ndoa imevunjika kiasi kwamba haiwezi kurekebika. Ushahidi wa hilo waweza kuwa uzinzi, hasa wa kurudiarudia, ukatili wa mwili au wa moyo dhidi yako au watoto, kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka isiyopungua mitatu, kutengana kwa miaka mitatu, kifungo kirefu, au ugonjwa wa akili uliothibitishwa na madaktari wawili. Orodha ya sheria ina mengine, na hakimu anaweza kuzingatia hata yasiyotajwa.

Mwanamke hahitaji "kupewa" talaka na mumewe ili aachike. Anaifungua mwenyewe kama mwanaume anavyofungua. Tunalirudia hili kila kijiji, kwa sababu tunakutana na kina mama waliokaa kwao miaka wakisubiri karatasi kutoka kwa mtu ambaye ameshaoa na kuzaa kwingine.

Ndoa yetu haijatimiza miaka miwili.

Utahitaji kwanza kuomba ruhusa ya mahakama na kuonyesha kwamba unapata mateso yasiyo ya kawaida.

Nifungue shauri mahakama ipi?

Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zimepewa uwezo wa kusikiliza mashauri ya ndoa. Wengi huanzia Mahakama ya Mwanzo kwa sababu iko karibu, ada yake ni ndogo na mtu huweza kujieleza mwenyewe. Lugha isikutie hofu: tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini.

Ukishindwa kabisa kulipa ada, mwambie karani mapema kwamba unaomba kusamehewa, na uende na barua ya mtendaji inayoeleza hali yako. Asiyeridhika na hukumu ana siku 45 za kukata rufaa, nazo huisha haraka. Omba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa. Rufaa zikipanda hufika Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara, inayohudumia mikoa hii miwili.

Sina hela ya wakili. Msaada wa bure naupata wapi?

Upo karibu zaidi ya unavyodhani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao ni watu wa wilaya yako waliopata mafunzo na kusajiliwa. Msaidizi atakueleza haki zako, atakusindikiza barazani, atakusaidia kupanga maelezo na kukuelekeza fomu ya kujaza. Hasimami mahakamani kukutetea kama wakili, na haruhusiwi kukutoza hata senti. Anayejiita msaidizi wa kisheria kisha akataka "hela ya soda" ili faili lako litembee, huyo ni kishoka. Muulize cheti chake. Kuwajua waliosajiliwa, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, iwe Mangaka, Nanyamba, Liwale au Kilwa Masoko.

Shauri likiwa zito, kwa mfano lina nyumba mbili mjini na madai ya benki, msaidizi atakuunganisha na wakili. Chama cha Mawakili Tanganyika kina utaratibu wa mawakili kujitolea. Yapo pia mashirika ya kitaifa kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, ambayo yamekuwa yakisaidia mashauri ya familia kwa miaka mingi. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, hupeleka wanasheria mpaka kwenye kata. Na kila mwaka, mwishoni mwa Januari kuingia Februari, ni Wiki ya Sheria, ambapo mahakama hutoa elimu na ushauri bure kwa yeyote anayefika.

Kuna mtu mwingine ambaye watu humsahau: Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Kwa suala lolote lenye mtoto ndani yake, yeye ndiye mlango wa kwanza. Hulipii.

Shamba la mikorosho liko kwa jina lake, na hela za mnada zinaingia akaunti yake. Nina changu pale?

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndilo swali la kusini kuliko yote.

Sheria inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambazo mume na mke wamezichuma kwa juhudi za pamoja wakiwa katika ndoa. Mali iliyoandikwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa ni yake, lakini dhana hiyo inavunjwa na ushahidi. Hakimu ataangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya nyumba nzima, mahitaji ya watoto, na mila za jamii yenu.

Zingatia hilo neno kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, zinahesabika kuwa mchango katika kuchuma mali. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na sehemu ya nyumba, kwa sababu ilionekana fedha alizokabidhiwa na mumewe kwa shughuli ya familia hakuzitumia ilivyopaswa. Lakini msingi uliowekwa siku ile unawasaidia wanawake mpaka leo.

Sasa wewe hukubaki jikoni tu. Umefyeka chini ya mikorosho, umepalilia, umebeba maji ya wapuliziaji, pengine umepulizia salfa kwa mkono wako, umeokota, umetenganisha mabibo na korosho, umeanika, umejaza magunia na kuyapeleka ghalani. Kazi hiyo ina thamani mahakamani, ila lazima isemwe na ithibitishwe. Tumesikia kina mama wakiulizwa na hakimu, "Ulichangia nini?" nao wakajibu, "Sikuchangia, mimi nilikuwa mke tu." Jibu hilo linaumiza, kwani walichangia miaka yao yote.

Kwa hiyo kabla ya kwenda, kaa chini na mtu anayejua kuandika muorodheshe: shamba lilinunuliwa au kufyekwa mwaka gani, miche ilipandwa lini na nani, nani alilipa vibarua. Tafuta hati ya mauziano iliyopitia serikali ya kijiji. Tafuta stakabadhi za mauzo za chama cha msingi, ile AMCOS mliyouzia, na za ufuta kama mlilima. Piga picha ya hati ya hakimiliki ya kimila kama ipo. Mashahidi wazuri ni jirani wa mpakani, mwenyekiti wa kitongoji, na hata vibarua mliowalipa pamoja. Shahidi aliyekuona ukiokota korosho Oktoba hadi Desemba ana uzito kuliko ndugu kumi waliokuja kukusifu tabia.

Je, ni nusu kwa nusu? Si lazima. Mahakama haina kipimo kimoja, hutoa kwa kadiri ya mchango uliothibitishwa. Anayekuahidi nusu kabla hajaona karatasi zako anakupa maneno matamu tu.

Ardhi ni ya ukoo wangu, ila mume alihamia kwetu na kupanda mikorosho. Anadai shamba.

Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao hili ni la kawaida, kwani wanaume wengi wa zamani walihamia kwa mke. Ardhi uliyopewa na mjomba au bibi yako kabla ya ndoa, au ya ukoo ambayo mnaitumia tu, si mali mliyochuma wawili. Hata hivyo sheria inasema mali ya mmoja iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au na wote wawili, wakati wa ndoa, inaingia kwenye hesabu. Mikorosho aliyoipanda na kuitunza miaka 15 ni maendelezo. Mara nyingi suluhisho la haki ni ardhi kubaki kwa ukoo, na yeye kufidiwa jasho lake. Hivyo hivyo kwa mwanamke aliyepanda kwenye ardhi ya ukoo wa mume.

Wito wetu kwa wajomba: msiharakishe kumfukuza mkwe shambani kwa panga na kelele. Mnamharibia binti yenu kesi.

Nasikia anataka kuuza nyumba kabla sijafika mahakamani.

Nyumba mnayoishi kama mume na mke haiuzwi, haiwekwi rehani wala kupangishwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata ikiwa jina ni la mmoja. Ukisikia fununu, andika barua kwa serikali ya kijiji au mtaa ukieleza kwamba hujaridhia, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa nyumba yenye hati, weka pingamizi ofisi ya ardhi. Kisha omba amri ya zuio mahakamani. Fanya haya wiki hiyohiyo. Kumrudisha mnunuzi aliyekwisha lipa ni vita virefu.

Tumeishi pamoja miaka saba, tuna watoto, ndoa hatukufunga.

Mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, sheria inadhani kwamba mmefunga ndoa. Dhana hiyo inaweza kupingwa. Ikipingwa na mahakama ikaona hakukuwa na ndoa, bado mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kushughulikia mlichochuma. Mashahidi ni balozi, majirani, walimu wa shule na kadi ya kliniki yenye majina yenu wawili.

Watoto wanakwenda kwa nani? Ukoo wangu unasema mtoto ni wa mama, wa mume wanasema ni wa baba.

Koo zote mbili zitasikilizwa, lakini mahakama haiamui kwa ukoo. Kinachotangulia ni maslahi ya mtoto. Mila ni mojawapo ya mambo yanayotazamwa, pamoja na matakwa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza. Mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa kwamba anafaa kukaa na mama, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Hakimu pia huepuka kumhamisha mtoto hapa na pale.

Asiyekaa na mtoto haondolewi uzazi. Anayo haki ya kumwona, na ana wajibu wa kumtunza. Mtoto asitumike kukomoana, wala asifichwe kwa shangazi Dar es Salaam ili mwenzako asimwone. Mahakama ikilijua itakuhesabia.

Baba hatoi matumizi. Anasema hana kazi.

Huhitaji kuwa umeolewa wala umeachika ili udai matunzo ya mtoto. Anza kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Atamwita, na mara nyingi mambo huishia hapo kwa maandishi ya makubaliano. Asipotii, shauri linakwenda mahakama ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto. Akimkataa mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba.

Hakuna kiwango kimoja cha nchi nzima. Hutegemea kipato chake na mahitaji ya mtoto, kwa hiyo nenda na hesabu: chakula, sare, daftari, matibabu, nauli. Na "sina kazi" ya mtu anayeuza tani za korosho kila msimu inajibika kwa stakabadhi za mauzo. Unaweza kuomba mahakama ipange malipo makubwa kipindi cha minada na madogo kipindi cha kiangazi. Kwa mkulima utaratibu huo hutekelezeka kuliko kumdai kila mwisho wa mwezi kama mwenye mshahara.

Nilikutwa na mvulana, wazee wakatufungisha ndoa ya mkeka.

Ndoa inataka hiari ya wote wawili. Iliyofungwa kwa kulazimishwa ni batili, hata kama mahari yalipokelewa na ubwabwa ukaliwa. Njoo uonane nasi mapema, ili mahakama itamke hivyo na haki za mtoto, kama yupo, ziwekwe sawa. Kama ulikuwa chini ya miaka 18, ujue kwamba Mahakama ya Rufani, mwaka 2019, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilishikilia kwamba vifungu vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya umri huo vinakwenda kinyume na Katiba.

Kanisa letu halikubali talaka. Nifanyeje?

Mahakama inaweza kuvunja ndoa ya Kikristo kwa upande wa sheria ya nchi. Msimamo wa kanisa juu ya kufunga ndoa nyingine utabaki wa kanisa. Kwa asiyetaka talaka lakini hawezi kuendelea kuishi pale, ipo amri ya kutengana. Hubaki mume na mke kwa jina, na bado mahakama inaweza kugawa mali, kuamua watoto wakae wapi na kuamuru matunzo. Waumini kadhaa wa Masasi na Ndanda tuliozungumza nao hawakuwahi kusikia kwamba njia hii ipo.

Mimi ni mwanaume, mke ndiye aliyeondoka. Mnatusaidia na sisi?

Ndiyo, kaka. Baraza ni lilelile, mahakama ni ileile, na wasaidizi wa kisheria hawachagui. Tunachokuomba ni kutomaliza mambo kwa kumtumia ujumbe wa talaka kwenye simu.

Hukumu imetoka upande wangu. Nimemaliza?

Bado kidogo. Chukua nakala ya hukumu na amri ya talaka iliyogongwa muhuri, kisha hakikisha talaka inasajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kwani ndiyo inayosajili ndoa na talaka. Nakala hizo utaulizwa siku ukitaka kufunga ndoa nyingine kihalali, na pengine siku ya mirathi. Mwanamke wa Kiislamu atahesabu eda yake kama dini inavyomtaka.

Mwenzako asipokabidhi ulichopewa, usiende kuvamia shamba na kaka zako. Rudi mahakamani uombe kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kuitekeleza. Ukishakabidhiwa, nenda serikali ya kijiji ukabadilishe jina la sehemu yako, kisha AMCOS ukajisajili kama mkulima kwa jina lako na akaunti yako ya benki, ili ugawaji wa viuatilifu na malipo ya mnada unaofuata yakukute umo kwenye daftari.